Jogoo wa Dakika ya Kumi na Moja

Simu ni ya mama. Hilo lieleweke kwanza.
Ya vitufe, mgongo wake umefungwa mpira wa tyubu,
namba tano imefutika kwa kidole cha baba
aliyekuwa akiuliza salio kila jioni ya msimu wa korosho.
Mimi naikodi kwa kuosha vyombo.

Ndani yake mna kadi, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.
Imezunguka Mnyambe nzima:
kwa Dismas siku mbili, kwa Somoe wiki,
ikarudi imekunjwa katika karatasi ya daftari,
imefungwa pindoni mwa khanga kama ada ya kungwi.
Kwanza nyimbo arobaini za harusi
(hatuzifuti, ni za mwenye kadi),
kisha ya arobaini na moja: Mwalimu Nandonde.

Alijirekodi ofisini, mvua ikipiga bati,
maana tulikuwa tisini na wawili kwa kitabu kimoja
na kitabu chenyewe kimechanika sura ya nne.
Anakohoa. Anasema, "Haya, kalamu."
Dakika ya kumi na moja jogoo anawika dirishani.
Mwalimu ananyamaza, anamngoja amalize
kama anavyomngoja mkaguzi,
ndipo anasema: osmosisi.

"Maji huhama," anasema, "toka yalipo mengi kwenda yalipo haba,
hupenya ngozi nyembamba, bila kusukumwa na mtu."
Halafu anacheka peke yake.
"Isipokuwa huku kwetu Newala.
Huku maji ni mengi bondeni
na hayapandi mpaka dada zenu wayabebe."

Bibi husikiliza akibangua,
vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda.
Kwake Osimosisi ni jina la mtu,
mkwe fulani anayesemwa sana na haonekani.
Jana akaniita jikoni. Alikuwa ameloweka makochoko tangu alfajiri:
mabibo yale makavu, yaliyokunjamana kama shingo yake,
yamejaa, yanang'aa.
"Njoo," akasema, "yule mkwe wenu kafika."

Kwa Mchopa kuchaji ni mia tatu.
Isipopatikana, nasoma kwa kipau kimoja,
taa ya kioo nimeizima, sauti nimeibana sikioni.
Usiku mmoja ujumbe wa chama cha msingi uliingia,
ukamkata mwalimu katikati ya neno.
Malipo! Mama akapiga kigelegele,
na sikusoma tena:
simu ilisomwa ujumbe ule mmoja
mara saba, kwa sauti, kila jirani na zamu yake.

Mwalimu alihamishwa Januari. Liwale, wanasema.
Hatujui kama anajua kuwa bado anatufundisha,
kwamba dakika ya kumi na tisa anakosea
na kusema, "Hapana, hapana, futeni hiyo,"
nasi kila usiku tunaandika kosa lile lile
na kulifuta.

Novemba. Mlangoni wametupapasa mifuko.
Simu imebaki na mama, huko inakosubiri bei ya mnada.
Swali la sita, na kichwa changu
kikawa cheupe kuliko karatasi.
Nikafumba macho. Nikabonyeza mbele,
mbele, mbele, arobaini,
maharusi wote wakapita na vigoma vyao,
bati likaanza kunyesha, mtu akakohoa.

Na nje, nyuma ya ukumbi,
jogoo wa mtu, jogoo tu wa kawaida,
akawika.

Madawati mawili mbele yangu Somoe aliinua shingo.
Nyuma kule Dismas akaguna kidogo, msimamizi akamtazama.
Hakuna aliyeandika.
Tulimngoja amalize.