Sauti Iliyofuliwa

Niliisikia Ijumaa, dukani kwa Mbarak, Maweni,
nikipimiwa nusu kilo ya sukari:
mimi, ndani ya redio, nauza mikopo ya simu.
"Dakika tatu tu, pesa mkononi."
Mbarak akacheka: "Huko wamekulipa, dada. Leo hupati deni."
Nami mikopo hiyo sijapata kuitaja
hata kwa kuiomba.

Sauti ni yangu. Ile kona ninayoikata kwenye "mkononi,"
ule mkunjo mdogo wa kicheko kabla ya bei,
niliutafuta miezi minne katika chumba cha Kahindi
chenye trei za mayai ukutani
na feni iliyozimwa isije ikanaswa.
Jasho lilinishuka hadi viatuni.
Elfu mbili kwa tangazo, na soda.

Nilitoka Langoni, Lamu, na ulimi wa nyumbani.
Kahindi, Mgiriama wa Ganze, ndiye aliyenirekebisha:
"Usiseme *ndia*, sema njia.
Usiseme *kuya*, sema kuja.
Wateja wako Nairobi, si kwa mamako."
Nikaufua ulimi kama kanzu ya Idi,
nikauanika, nikaupiga pasi,
mpaka mama akipiga simu huuliza kwanza:
"Ni wewe, au ni tangazo?"

Karatasi ilikuwapo. Kurasa sita, herufi za sisimizi.
Kijana wa Mombasa alisema ni za "matumizi ya baadaye."
Ada ya Mwanasiti ilikuwa imenikaa kooni;
nikatia sahihi palipochorwa msalaba.
Nikamsomea sentensi mia nne kwa siku moja,
nyingine hazina kichwa wala mguu:
"Mbuzi wa shangazi amevuka daraja saa tisa na robo."
Nikadhani wanapima kipaza sauti.
Kumbe nakaguliwa meno, kama punda mnadani.

Sasa naongea Kisumu, naongea Mwanza.
Natangaza dawa ya mende, nasoma riwaya nzima usiku mmoja,
natoa salamu za mheshimiwa ambaye sikumpigia kura.
Siugui mafua. Sidai nauli.
Kahindi amemuuzia trei mfuga kuku wa Muyeye,
zikarudi kubeba mayai.

Lakini nisijitie uyatima.
Alikuwapo Shee Bakari, mpiga mbiu,
akiizunguka Shela kwa ngoma na koo lake:
kuna maziko, kuna mtoto kapotea, maji yatafungwa kesho.
Mwaka ule nilirekodi mbiu moja tu,
wakaifunga juu ya bajaji na spika mbili,
ikamaliza mitaa kumi yeye hajamaliza mmoja.
Alinikuta sokoni. Hakusema kitu.
Alinunua ndimu tatu, akaondoka akizirusha na kuzidaka.
Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo;
siku ile jambo lilikuwa yeye.

Jana usiku umeme ulikatika.
Nikapiga nambari ya huduma kwa wateja,
nikajipokea mwenyewe:
"Karibu. Niambie, nikusaidie nini?"
Tamu, wallahi. Hata mimi ningemwamini.
Sijui ni nini kilichonishika. Nilikaa kitako sakafuni, gizani,
nikamjibu kwa ulimi ule wa kabla ya sabuni:
"Nna ndaa. Ndia ya kuya kwako ni ipi?"

Akanyamaza. Nilikisikiliza kimya chake,
hakikuwa na pumzi ndani.

"Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia."

Nikarudia.