Sailensa

Pijo mia tano na nne, pikapu, rangi ya maziwa yaliyolala,
imefika Isevya kwa kusukumwa hatua arobaini za mwisho,
mwenyewe, Mwalimu Nyamizi, kashika usukani kupitia dirishani,
mkoba wa madaftari begani.

"Asubuhi inawaka kwa funguo moja," alisema.
"Mpaka Kitete sina neno nayo.
Ikishapata moto, nikisimama tu, inatetema, inakata roho.
Juzi imenizimikia juu ya reli.
Juu ya reli, fundi! Na treni ya Kigoma imeshapiga honi."

Wenzangu walishapita humu kama nzige.
Wa Cheyo kabadili plagi. Wa Kanyenye kauza koili.
Mmoja, simtaji, kapandisha sailensa kwa bisibisi
ikawa inanguruma kama ina ugomvi na mtu.
Huko si kutibu.
Huko ni kumpigia mgonjwa kelele asisinzie.

Mimi sikufungua kitu.
Niliwasha, nikavuta kigoda, nikamwagiza Jilala chai.
Gari baridi halisemi kweli;
lina adabu za mgeni
anayetaja kilichomleta kwenye kikombe cha pili.

Dakika ya saba. Ya tisa.
Mshale wa joto ukafika katikati,
sauti ikapwaya, boneti likatetemeka,
puu.
Akabaki kuku wa jirani anasema peke yake.

Washa tena. Cheche: ya bluu, nene. Petroli: inafika.
Nikaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, nusu tu,
injini ikapata nguvu.
Hapo nikajua: haina njaa ya mafuta,
inameza upepo usiopimwa.
Kuna mlango mahali, na joto ndilo linaloufungua.

Kipande cha mpira sikioni, ncha ya pili nikaitembeza.
Gasketi, kimya. Shingo ya kabureta, kimya.
Bomba la breki, nyuma ya manifodi,
pale pasipofikika ila kwa vidole viwili:
ssss,
kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele za wakwe.

Nikatoa tambara.
Pindo la khanga, limeviringwa mara nne,
limekazwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli
na kunyweshwa nta. Nta ya nyuki, wallahi.
Baridi inaganda, inaziba kama saruji;
injini ikichemka inalegea, hewa inapenya.
Kila alfajiri inapona. Kila saa nne inaugua.

"Nani alifunga hivi?"
Mwalimu alilinusa kwanza.
"Lugendo. Tulikwama njia ya Sikonge na ndoo za asali.
Akachana khanga yangu, nikagomba.
Akasema itatufikisha nyumbani, bomba atanunua Jumatatu."
Akafuta vidole kwenye sketi.
"Ilitufikisha. Jumatatu yenyewe ndiyo hakuiona."

Bomba jipya, klipu mbili.
Nikaiteremsha ile sailensa ya ugomvi mpaka ikawa mnong'ono,
tukaiacha. Robo saa. Nusu.
Haikuzima.

Alilipa nusu; nusu nyingine mshahara ukitoka.
Tambara akalitia mkobani, katikati ya madaftari.
Pale kona ya mashine ya kusaga alisimama kupisha mbuzi,
nikasikia injini inapandishwa, inashuka, inapandishwa tena,
barabara tupu, mbuzi wameshavuka.
Gari limepona.
Mguu wa kulia hakuna aliyeuambia.