Kama Mpya

Mchana upepo wa Sabasaba huja na vumbi lake jekundu,
nami nafunga nusu ya mlango, naacha ufa wa jua
upana wa kiganja. Huo ndio mzani wangu.
Naishika sidii kwa ukingo, kidole tunduni,
naiinamisha taratibu hadi upinde wa mvua uteleze,
na kila uzembe wa mwenye nayo ujitokeze.

Mkwaruzo unaotoka kitovuni kwenda ukingoni
si neno, leza huuruka kama mbuzi arukavyo mfereji.
Unaofuata mzunguko ndio muuaji:
mwimbaji atang'ang'ania silabi moja, nita- nita- nita-,
na asifanye.

Watu hulinda uso unaong'aa. Mgongo wanauandika kwa kalamu,
wanaulaza mezani penye sukari.
Kumbe muziki unakaa mgongoni,
chini ya rangi nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Naiinua juani. Kitundu cha ncha ya sindano kikipitisha mwanga,
hiyo nampa mtu akafukuzie ndege kwenye uwele wake.

Yaredi mwenye duka anataka madaraja matatu tu:
nzuri, nzuri kidogo, mia tano.
Mimi nina daftari langu.
Kwaya, Kongwa. Meno ya mtoto ukingoni. Inaimba yote.
Dansi. Kasha si lake. Ndani, risiti ya dawa za malaria.
Taarabu. Imefutwa kwa khanga miaka mingi;
mistari elfu, yote ya huruma.

Alhamisi akaja Chiwanga, wa Chalinze ya huku,
si ile ya njia ya Tanga.
Koti la suti, kandambili.
Akaitoa kwenye bahasha ya kaki, nailoni ya kiwandani
imechanwa upande mmoja tu.
Nikaiinamisha. Hakuna kitu.
Nikaigeuza tena, macho yangu hayajazoea kukosa.

"Haijapigwa?"
"Nguzo zilikuwa zimefika Buigiri," akasema,
"wakatuambia mwezi ujao ni sisi.
Nikamnunulia Damari kabisa, tuwe tayari.
Mwezi ujao ukachukua miaka sita.
Damari alikuwa na mitano."

Duka hili halinunui bila kujaribu.
Nikaiweka kwenye deki. Ikazunguka, ikatafuta, ikapata.
Gitaa likaingia, halafu sauti ya mwanamke,
na Chiwanga akaitazama spika
kama mtu anayesomewa barua iliyoandikwa kwa jirani.
Wimbo wa pili akakaa juu ya kreti la soda.
Wa tatu, muuza zabibu akasimama mlangoni
akaziba jua langu lote. Sikumfukuza.
Nyimbo kumi. Hakuna uliokwama.

Nikadhani ataondoka nayo.
Akauliza bei.
Elfu tatu, nikasema, moja ikiwa ya mfukoni mwangu.
Akazihesabu, akazikunja, akauliza
mfuko wa saruji siku hizi umefika shilingi ngapi.

Nilipoitoa, karibu na ukingo
palikuwa na alama ya kidole. Changu.
Ningeweza kuifuta, kitambaa kilikuwa begani.
Nikafungua daftari, nikakata "kama mpya",
nikaandika pembeni:
Safi. Imepigwa mara moja.