Punje

Kitalu chetu kilikuwa cha tatu kutoka ukingoni,
ziwani Katwe. Mama Ithungu aliingia alfajiri,
maji yakimfika kiunoni.
Kila mchubuko uliuma mara mbili:
jiwe lilipokata,
na ziwa lilipojua.

Mwaka ule mvua ilikataa kwisha.
Chumvi ikayeyuka kabla ya kuvunwa,
lori la Kongo likageuza tupu,
nasi, watu wa chumvi,
tukala ndizi chukuchuku.
Nikanung'unika. Mama akacheka,
akanipa ndoo yake iliyotoboka:
"Kesho tunaingia wote."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Usiku nilitafuta pa kuweka miguu, nikakosa.

Sisemi ziwa lilinipenda. Lilinichuna,
likaniachia ngozi hii ya pili.

Sasa nina duka Kasese, nina meza ya mninga.
Mbambu huomba radhi mchuzi ukizidi chumvi.
Mimi hushika kijiko, nikanyamaza kidogo.
Wageni hudhani nasali.
Najiuliza tu:
punje hii,
ni miguu ya nani?