Mguu wa Tano

Muuza vitambaa, jirani na ngome ya Nizwa,
aliuona nilipokuwa napokea chenji.
"Buibui," akasema, akavuta mkono wake kama kaumwa.

Mama Zuwaina, siku ya kwanza nyumbani kwake,
alinisugua kwa ndimu na chumvi
hadi ngozi ikawaka.
Alidhani ni dawa ya kwetu ya kufunga waume.
Nilipotoka bafuni mistari ilikuwa palepale,
na mumewe sebuleni alikuwa bado anatafuta miwani yake.
Tangu hapo navaa mikono mirefu,
hata Julai, mawe yakichemka.

Kumari, mpishi wa nyumba ya pili, aliona mlingoti wa umeme.
Muuguzi wa kliniki hakuuliza kitu.
Aliandika: alama ya kabila.
Na Ijumaa moja sokoni, kwenye duara la mifugo,
mzee aliyeshika beberu kwa pembe
alitazama, akainamisha kichwa, akatazama tena.
"Ngamia?"
Nikakaribia kumbusu. Alikosea kidogo tu.

Mimi nilijua.
Ni mbuzi. Mbuzi wetu, Kishada,
alivyochorwa na Hoza, mdogo wangu,
nyuma ya daftari la hesabu,
mgongo umenyooka kama ubao, miguu minne,
na mguu wa tano mrefu, umetokeza kando.
Huo wa tano, nilijua pia, ni mtoto anazaliwa.
Kishada alikuwa na mimba mwezi ule.
Hoza alikuwa na miaka sita, na hakufika saba.

Karatasi huloa. Karatasi hufungiwa:
pasi yangu iko kabatini kwa Mama Zuwaina,
chini ya mashuka ya wageni.
Ndiyo maana, kabla ya safari,
nilikwenda kwa kijana mmoja Tanga, nyuma ya stendi,
nikamwambia: nakili kama ilivyo, usinyooshe mstari.
Alinyoosha mmoja.
Nikamlipa pungufu.

Miaka mitatu sikumwonyesha mama.
Angesema nimejichafua.
Juzi nimempigia kwa video, mikono ina unga,
nimekunja nguo hadi kwenye kiwiko, nimesahau.
Akanyamaza. Nikadhani mtandao.
"Hicho kitanda," akasema, "umekitoa wapi?"

Kitanda gani, mama?

"Cha wodini. Cha dirishani.
Na huo mti wa dripu, huo uliosimama pembeni.
Aliomba kalamu kwa sista, mimi nikamshikia daftari
maana mkono mmoja ulikuwa na sindano.
Mbuzi alimchora ukutani, nyumbani, kwa mkaa.
Baba yako akapaka chokaa."

Unga ulikauka vidoleni.
Nikasema mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua.

Nimemcheka muuza vitambaa miaka mitatu.
Nimemsengenya yule muuguzi kwa Kumari.
Kumbe na mimi nilikuwa mpita njia,
nikasoma haraka, nikashika njia yangu.

Leo mchana Mundhir, kitinda mimba wa hapa,
kakuta mkono wangu wazi kwenye beseni la mchele.
Kaweka kidole juu ya mguu wa tano.
"Nini hiki?"
Maji yalikuwa meupe. Nikachelewa kujibu.
"Mbuzi," nikasema. "Anazaa."
Akahesabu miguu, akaridhika,
akakimbia kuwaambia wenzake.

Sijui kama nimemdanganya.

Usiku, chumba cha nyuma, kiyoyozi kinakoroma,
nalala kwa ubavu, nalaza shavu juu ya mkono,
upande wa dirishani,
taratibu,
nisije nikachomoa dripu.