Volti Tano Kasorobo

Kompyuta yenyewe yaenea kiganjani.
Mpwa wangu Muhanna kaifungia ndani ya bakuli la halua,
kifuniko kakitoboa kwa msumari wa moto, ipumue.
Kazi yake moja tu: kupima joto la chumba cha mama, Ibra,
maana mama haiwashi AC.
Ukimpigia anasema, "Nimeiwasha, naganda,"
na nyuma yake unasikia feni ya dari ikikoroma.

Siku ya tatu pakatokea radi,
kialama cha manjano, pembeni mwa kioo.
Mwezi wa sita, Ibra, mbingu nyeupe kama sahani,
na radi!
"Mjomba," Muhanna akasema, "ina njaa."

Na ikizimika huzimika adhuhuri,
saa ile ile tuitakayo.
Mstari wa joto unapanda, thelathini na moja, na mbili,
halafu pengo, kama la jino la mbele,
halafu alasiri unaendelea, kama hakuna kitu.

Basi nikashika njia ya Ruwi.
Duka la Sajeev liko chini ya ngazi,
adapta zimening'inia kama popo.
Nikamwambia: volti tano, ampea tatu.
"Zote tatu," akasema.
Na kweli zote zimeandikwa tatu,
ya baisa mia tisa, ya riali mbili, ya riali sita,
kwa herufi zile zile za fedha.

Mimi nimekula mshahara miaka kumi na tisa
nikikagua mizani za wauza samaki.
Najua kilo inavyosema uongo.
Nikaipima ya mia tisa mkononi: nyepesi, ganda la karanga.
Nikatoa kimita changu mfukoni.
Bila mzigo, tano kamili, mtoto mtiifu.
Kuitwika, nne na ushei,
na harufu ya plastiki ikaanza kutusalimia.

Nikanunua ya riali mbili. Radi.
Ijumaa ya pili nikanunua ya riali sita,
nzito, ya miguu mitatu, ya kuheshimika.
Tano kasorobo. Radi.
Nikamrudia Sajeev, nimeuvaa uso wa kazini,
na yeye hakubishana.
Akauchomoa waya wangu, mrefu, mwembamba,
niliouhifadhi tangu simu yangu ya zamani,
akachomeka wake, mfupi, mnene kama kidole.
Tano. Tano na nukta.
Kisima kilikuwa na maji siku zote;
mfereji ndio uliokuwa mwembamba.
Waya: baisa mia nane.
Nilizokwisha kulipa, usiniulize.

Radi ikaondoka.
Pengo likabaki.

Jumatatu nikaenda Ibra bila kupiga simu.
Nimefika saa saba, mlango wazi, AC kimya,
feni kimya,
mama kakaa sakafuni ukutani, jasho linamtiririka shingoni,
adapta yangu ya riali sita imelazwa juu ya msala,
na kwenye tundu lake, chaja ya simu.
"Ngoja, Mize, kaja huyu," akasema kwenye simu,
kisha kwangu: "Nini?"
Saa saba kwetu, saa sita kule Wete;
ndipo khalati Mize anapokaa chini, karafuu zimeshaanikwa,
na sauti yake siku hizi ndogo,
AC inaimeza, feni inaimeza.
"Betri yangu haikai," mama akasema, "na tundu ni moja."

Sikumwambia neno. Nilikula wali, nikarudi Maskati,
nikamwomba Sajeev ya midomo miwili,
ampea tatu kila mdomo, na zisiwe za kuandikwa tu.
Tukazitwika zote mbili pamoja, robo saa,
tukinywa chai ya maziwa, tukitazama tarakimu zisitikisike.
Riali tisa. Sikuomba punguzo.

Sasa mstari ni mzima, usiku na mchana,
na kila siku saa saba una kilima,
thelathini na sita, thelathini na saba,
dakika arubaini, kisha unateremka.
Muhanna ananiuliza hiyo ni hitilafu gani.
Nimemwambia asiifute,
aandike pembeni yake: Mize.