Taa ya Chumba Namba Nne

Jumanne, Akureyri. Saa nne asubuhi, na nje bado giza.
Sölvi, miaka mitano na miezi miwili,
kavua kiatu kimoja, cha pili kakikatalia.
Nikapanga mezani mwanasesere, sahani,
keki ya udongo, vijiti vinne vya kuigiza mishumaa.
"Leo kazaliwa huyu. Tumfanyie nini?"

Hakumfanyia kitu.
Alitazama dari.

Nikaandika sifuri.
Nyuma ya kioo Ragnheiður naye akaandika sifuri,
na mchana, tulipolinganisha karatasi,
tulikuwa tumeafikiana mara kumi na tisa katika ishirini.
Tukapongezana kwa kahawa.
Mashahidi wawili waliochungulia tundu moja
wataapa vilevile, neno kwa neno.

Mama yake, Hallbera, hupima samaki bandarini.
Alisoma alama zetu akiwa amesimama, glavu mkononi.
"Mizani yetu mwaka juzi," alisema,
"ilizidisha gramu mia mbili,
kila kreti ya chewa, kila siku ya Mungu.
Haikuyumba. Ilikosea kwa uaminifu.
Mpaka mkaguzi alipokuja na jiwe lake."

Kisha: "Taa hiyo. Huisikii?"

Miaka kumi na minane ndani ya chumba kile.
Nilinyamaza, nikatega sikio,
na kweli: nyuki mmoja, wa bati, juu ya vichwa vyetu.

Kitabu cha maelekezo kina kurasa mia mbili.
Taa haimo.

Alhamisi tuliizima. Tukaketi kwa mwanga wa dirisha,
haba, wa buluu, wa theluji.
Keki ileile. Swali lilelile.
Sölvi akamlaza mwanasesere kifudifudi,
akamfunika sikio kwa sahani:
"Lala. Kelele imekwisha."

Fomu inauliza: Amepuliza mshumaa? Amekata keki? Ameimba?

Akili ni nywele, kila mtu ana zake;
sisi tulikuja na kitana kimoja,
kilichochongwa mbali, kwa vichwa vya watoto wengine.

Ragnheiður kampa moja. Mimi, mbili.
Tukabishana hadi mlinzi akaja na funguo zake,
na sikumbuki lini tena tulimzungumza mtoto
muda mrefu namna ile.

Ripoti inatakiwa kesho.
Kisanduku cha jumla nimekijaza kwa penseli,
nikafuta, nikajaza.
Pale mlangoni kiko kiatu kimoja, kidogo,
amekisahau, au amekiacha.
Hilo nalo sijui nilipime vipi.